Aliyemfungua Mbuzi Kabla ya Moto

Muulize yeyote hapa kilimani, atakuambia kwamba mimi Uwimbabazi nina mdomo, na kwamba mdomo huo haujawahi kuwasifu watu wa sare. Ni kweli, sibishi. Lakini Mama Brigitte nitamsifu mpaka mchoke kunisikiliza, na mkichoka nitaendelea kumsifu peke yangu shambani nikipalilia maharagi.

Mama Brigitte ni OPJ, yaani yule askari anayepeleleza makosa na kuandika maelezo kabla mtu hajapelekwa mbele ya hakimu. Alizaliwa Ntoto, upande wa Walikale, na mama yake alikuwa akiuza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kando ya njia. Ni mfupi, mnene, na akicheka mbwa wa mtaa wa pili wanaamka. Chakula hakatai. Ukimpa kiti cha heshima sebuleni atakibeba mwenyewe na kukitoa nje, maana anapenda kuona nani anapita, nani anapita tena, na nani anajifanya hapiti.

Kuna jambo moja tu ambalo huwa hacheki akilisimulia. Alipokuwa msichana, nyumba ya jirani yao iliungua, na watu wakampiga mtu mmoja mpaka akafa, kwa sababu tu alikuwa amegombana na mwenye nyumba. Baada ya hapo ikaungua nyumba nyingine, halafu nyingine, na kila mara kijana yuleyule ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na ndoo ya maji. Kumbe alikuwa anawasha ili aonekane anazima. Alipenda watu wamwite shujaa. Na yule aliyepigwa mpaka akafa alikuwa mjomba wake Mama Brigitte.

Sasa nitawaeleza alivyofika kwetu.

Kilima chetu kiko Masisi, lakini soko letu ni Kashebere, ng'ambo ya mpaka wa Walikale. Tunalima maharagi na mihogo. Babu zetu walilima hapa, na kanisa letu lilijengwa kwa mawe waliyoyabeba wao. Moto tunaujua, ila tunaujua wa aina moja tu: ule unaoletwa na watu wenye bunduki. Kwa hiyo kwetu nyumba ikiungua, hakuna anayeuliza kama kuna adui. Tunauliza adui ni nani, na tunaanza kuwatazama waliokuja kutoka mbali.

Mwaka ule, aliyekuja kutoka mbali alikuwa mume wangu, Evode. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Omate pamoja na Twizeyimana, mtoto pekee wa jirani yetu Mama Dancille. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Shimo lilimwangukia Twizeyimana, na udongo ulikuwa mwingi mno, hawakuweza kumtoa. Evode alirudi na kofia ya mwenzake tu, akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Mama Dancille aliipokea, akaiweka mapajani, akasema aksanti. Mimi nilikuwepo. Ile aksanti bado naisikia.

Kwetu mtu akifa, kilio kinamalizika kwa kutoa kitanda. Nyasi alizolalia marehemu na mkeka wake vinatolewa nje, vinachomwa mbele ya watu, wanawake wanaimba, halafu waliofiwa wanaweza kunyoa nywele na kurudi shambani. Lakini shemeji zake Mama Dancille walikataa. Walisema hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kilio, na kitanda kisivuke mlango mpaka mwili ufike. Mwili ungefika vipi, hilo hawakusema. Wanaume wengine wakishatoa amri wanaona kazi imekwisha. Basi kijumba cha Twizeyimana, chenye paa la nyasi, kilibaki kimefungwa uani kwa mama yake, na kitanda kikiwa kimetandikwa ndani.

Nyuma ya kijumba hicho ilikuwa depo ya shirika letu la wakulima, ambako kilima kizima kiliweka mbegu za maharagi zikingojea mvua ya Septemba. Ufunguo uko kwa Papa Damascène, présidenti wa shirika, mtu mwaminifu na mgumu kuliko mlango wa depo yenyewe. Evode alimwomba sehemu yetu mapema, akakataliwa, maana mlango hufunguliwa kwa watu wote siku moja. Evode wangu, ambaye tangu arudi Omate alikuwa halali vizuri wala hali vizuri, alipandwa na hasira akasema mbele ya watu:

"Hii depo yenu itaisha vibaya!"

Wiki ileile, alasiri moja ya upepo mkali, nikiwa bondeni nachota maji, nikaona moshi. Nilipofika juu, kijumba cha Twizeyimana kilikuwa kimekwisha na paa la depo lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wanatoa magunia, wengine wanalia. Halafu nikamwona mume wangu akitoka kwenye migomba nyuma ya ua wa Mama Dancille, mikono yake imeungua mpaka ngozi inaning'inia, na vijana wakamrukia wakisema ndiye mchomaji.

"Njo yeye! Muangalie mikono!"

Hakujitetea. Alisema tu: "Nilikuta moto inawaka." Hakuongeza neno, hata nilipomlilia aongeze.

Chef, yaani mkuu wa kilima, alimnyang'anya mikononi mwao, Mungu ambariki, akamfungia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, akawaambia wangoje OPJ wa Kashebere, aliye karibu zaidi. Vijana wakakubali kungoja mpaka kesho yake saa sita za mchana. Asubuhi waliweka tairi kuukuu la pikipiki mbele ya mlango wa chef. Nililiona kwa macho yangu. Hakuna aliyesema ni la nini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mama Brigitte alifika kabla ya saa hiyo, kavaa bereti, uso umejaa vumbi la njia. Alisalimia wote, papa huyu na mama yule, bila haraka. Kisha akaliona lile tairi. Alilitazama, akawatazama vijana, akalivuta mpaka katikati ya uwanja, akalikalia.

"Aksanti kwa kiti," akasema. "Sasa munieleze."

Wote wakaeleza kwa pamoja. Evode alitisha depo, Evode ana mikono iliyoungua, Evode alitoka mbali. Aliwasikiliza mpaka wakaishiwa, halafu akamgeukia Papa Damascène.

"Papa, kabla ya kuungua, nyuma ya depo kulikuwa nini?"

"Mbuzi yangu. Niliifunga ku nguzo ya kijumba cha Twizeyimana, juu kule majani iko mingi."

"Iliungua?"

"Hapana. Tuliikuta kule chini ku mikaratusi."

"Ilikata kamba?"

Papa Damascène alifikiri. "Hapana. Ilikuwa imefungwa ku muti. Kamba nzima."

"Muntu gani aliifunga kule?"

Watu wakatazamana, wengine wakacheka. Magunia ya mbegu yameungua, mtu anakaribia kuuawa, na huyu mama kutoka Walikale anauliza habari za mbuzi! Mimi mwenyewe, nisidanganye, nilitaka kumtukana. Nilikuwa nahesabu kivuli cha mti wa parachichi kikifupika, na yeye anauliza mbuzi.

"Mutacheka," akasema, "lakini mie hii kazi nimeifanya miaka. Nimeona bwana mumoja aliyechoma boutique ya shemeji yake juu ya kuficha vile alikuwa anaiba vitu ndani. Yule alichoma kwanza rafu zenye zilikuwa tupu. Nimeona mama aliyechoma jikoni ya muke mwenzake. Moto ilianzia mu sufuria, ku kile alichukia. Nimeona kijana aliyechoma juu batu bamupigie makofi. Kila muntu anachoma na sababu yake, na sababu inabakia pale chini, kama mukienda kuiangalia. Sasa mie nauliza. Muntu ana chuki ya kuchoma mbegu ya kilima muzima. Huyo muntu anafungua mbuzi ya présidenti, anaipeleka kule chini, anaifunga vizuri, halafu anarudi kuchoma?"

Safari hii hakucheka mtu.

Alisimama, akaenda mahali pa moto, na sisi wote nyuma. Alitembea polepole juu ya majivu ya kijumba. Akaonyesha depo: upande wa kijumba umeisha kabisa, upande wa pili umebaki na mbao. Upepo ulikuwa umetoka kwenye kijumba kwenda depo, kwa hiyo depo haikuwa ya kwanza. Kisha akachutama kwenye kona moja ya kijumba, ambako majivu yalikuwa mengi na udongo umekuwa mwekundu, akauliza hapo palikuwa na nini.

"Kitanda," mama mmoja akajibu. "Kitanda ya Twizeyimana."

"Mwenye kulala hapa iko wapi?"

"Alikufa Omate."

"Na kitanda yake ilikuwa inafanya nini mu nyumba?"

Shemeji mmoja wa Mama Dancille akakohoa, akaeleza kwa ufupi habari ya maiti na ya kilio, kwamba walikuwa wamekataza kitanda kisivuke mlango. Mama Brigitte alisimama. Alipangusa mikono, akaomba aonyeshwe Evode.

Aliingia kwake peke yake. Alipotoka alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Dada, bwana yako hakuchoma. Lakini iko anaficha muntu. Nimemuuliza maneno mingi, na kila mara macho yake inaenda ku dirisha, ku ile jikoni kule. Ni ya nani?"

"Ya Mama Dancille," nikasema. Hapo nilianza kuelewa, na sikutaka kuelewa.

Tukaenda wote wawili. Mama Dancille alikuwa ndani, kaketi kwenye mkeka, ungo wa maharagi mbele yake, akiyamenya moja moja. Wanawake walikuwa wamekaa naye tangu jana, wakidhani ameduwaa kwa kupoteza kijumba cha mwanawe. Kwa huruma zao walikuwa wamemficha mambo yaliyokuwa yanatokea nje. Mama Brigitte aliwaomba watupishe, akavua bereti, akaketi chini, akachukua konzi ya maharagi na kuanza kumenya. Mimi nilisimama mlangoni nikitaka kupiga kelele kwamba jua halingoji. Mama Dancille ndiye aliyeanza, na hakumwelekea Mama Brigitte. Aliniangalia mimi.

"Mama Uwimbabazi, mikono ya Evode, bameitunza? Mulimupaka kitu?"

Nikaanza kulia. Mama Brigitte akamjibu kwa sauti ya chini:

"Mama, Evode iko mu chumba ya chef. Batu banasema yeye njo alichoma depo. Banataka kumuua."

Sijaona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Maharagi yalimwanguka yote.

"Evode? Evode alinitoa mu moto! Nilikuwa nasimama ku mulango, siwezi kutoka, yeye akanivuta, nyasi ikamwangukia ku mikono. Akaniambia, mama, nenda jikoni, kaa, usiseme kitu. Mie nikafikiri..." Akashika kichwa. "Balisema kitanda isitoke mu mulango. Mie nikasema sawa, haitatoka. Nitaichoma pale pale inalala. Twizeyimana apate kwenda. Anashindwa kwenda sababu kitanda inamungojea. Sikujua upepo itaenda ku depo. Mungu anajua, sikujua."

"Na mbuzi?" Mama Brigitte akauliza.

Mama Dancille alimtazama kana kwamba swali lenyewe halikuwa na maana.

"Ilikuwa na mimba, Mama. Ningeiacha iungue na mutoto yake mu tumbo?"

Mama Brigitte akainamisha kichwa. Kisha akaanza kusema kwamba tungoje, kwamba atatafuta namna ya kuwaambia watu taratibu. Lakini Mama Dancille alikuwa ameshasimama. Alitoka mbele yetu, bila kitambaa kichwani, nywele zake za kufiwa zikionekana, akaingia uwanja wa chef, akasimama kando ya lile tairi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kujifungia ndani, na Evode asingesema, najua kwamba asingesema. Nataka mlikumbuke hilo mnaposikia watu wakimwita yule mama aliyechoma mbegu.

"Ni mie," akasema. "Nilichoma kitanda ya mutoto wangu. Munifunge mie. Huyu aliniokoa, na yeye njo aliniletea kofia."

Akaeleza yote, na hakulia. Waliolia walikuwa wengine. Papa Damascène, mgumu yule, aligeuka akatazama mikaratusi. Kijana aliyeleta tairi alitazama miguu yake. Chef akaenda kufungua mlango, na Evode akatoka akiwa ameinua mikono yake mbele kama mtu aliyebeba kitu. Nikashindwa kumkumbatia kwa ajili ya vile vidonda. Nikamshika kichwa tu, nikamshika kichwa mpaka akaniambia nimwachie apumue.

"Juu ya nini hukusema?" nikamuuliza. Nilikuwa na furaha na hasira vyote pamoja, na hasira ndiyo iliyotangulia, mnanijua.

"Nilimuacha mutoto yake kule mu shimo," akasema. "Ningeweza tena kumutia yeye mu mikono ya batu?"

Sheria ni sheria, na Mama Brigitte hakuifumbia macho. Aliandika maelezo yake, akampeleka Mama Dancille Walikale mbele ya hakimu, lakini alikwenda naye yeye mwenyewe, akakaa naye usiku na mchana, akaeleza mwenyewe upepo, kitanda na mbuzi. Hakimu akamwachilia, wakarudi pamoja. Kilima kilimtaka Mama Dancille afanye salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, pamoja nasi kuijenga upya depo, na alifanya, akibeba matope kuwashinda wasichana. Akina mama wa Kashebere waliposikia tumepoteza mbegu walitupandia mlima na vikapu vichwani, kila mmoja na kiasi chake. Tulipanda kwa wakati. Sijui niwashukuru vipi, kwa hiyo kila siku ya soko nanunua kwao hata nisichohitaji.

Na kilio kilifanyika. Mama Brigitte aliwaambia wale shemeji, kwa sauti ya upole iliyowatoa jasho, kwamba katika miaka yake yote ameona moto mwingi unaotoka kwenye chuki na tamaa, ila huu ulitoka kwa mama aliyenyimwa ruhusa ya kulia, na kwamba angependa asiitwe hapa mara ya pili kwa sababu ileile. Hakuwatisha. Waliitisha kilio siku hiyohiyo. Kwa kuwa kitanda hakikuwepo tena, tulikusanya majivu yake kwenye mkeka, tukayatoa nje pale mlango ulipokuwa, wanawake wakaimba. Evode alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi Twizeyimana alivyoishi Omate, jinsi alivyowachekesha wenzake shimoni, jinsi alivyokuwa akiongea juu ya maharagi ya mama yake kila walipokula ugali mkavu. Mama Dancille alicheka, halafu akalia, akalia mpaka alipolala. Asubuhi walimnyoa nywele.

Papa Damascène alitaka kumchinja yule mbuzi kwa ajili ya wageni wa kilio. Mama Dancille alikataa katakata.

"Huyo njo shahidi wangu," akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu moto.

Basi Papa Damascène akampa awe wake. Mbuzi alizaa mapacha. Tulitaka kumpa Mama Brigitte mmoja, akasema OPJ hapokei mbuzi wa shahidi, lakini sahani ya maharagi atapokea, na alipokea mbili. Siku ile ya kwanza alipokuwa anaondoka, kabla ya kupanda pikipiki na Mama Dancille, alilinyanyua lile tairi, akalifunga nyuma kwa kamba, akaondoka nalo. Nilisimama njiani nikilitazama likienda mpaka kona ya Kashebere ikalimeza. Nilisema aksanti kwa sauti, peke yangu, hakuna aliyenisikia.

Yule mtoto mwingine wa mbuzi Mama Dancille alitupatia sisi. Sasa ni mkubwa, mkorofi, anakula hata nguo zilizoanikwa. Kila asubuhi Evode anampeleka kwenye majani, anasimama naye, ananiita. Vidole vyake havikunjiki vizuri tena, hawezi kufunga fundo. Ninaacha jiko langu, ninakwenda, na kamba ninaifunga mimi.